Marehemu Aliyeshuka Kwenye Lori la Isaka

"Nizike basi! Si umeshaniua? Chukua jembe unizike!"

Feisal alikuwa amesimama mlangoni kwa Zuhra, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba. Nyuma yake ilikuwa nusu ya mtaa, wengine na miswaki bado mdomoni.

"Sikuandika mimi!" Zuhra alijibu kutoka ndani, mlango kaukandamiza kwa mgongo. "Niseme mara ngapi?"

"Jina lako hili hapa! 'Limetolewa na Zuhra, Katibu.' Mama yangu kavunjika nyonga kwa jina lako!"

"Mtoeni nje huyo!"

Jiwe likagonga bati. Umati ukaguna, kama vile jiwe limejirusha lenyewe.

Inspekta Vumilia aliegesha pikipiki katikati yao, hakuzima hata injini.

"Atakayerusha la pili atalala kituoni," alisema. "Na mimi sirudii."

Mikono ikashuka. Mawe hayakudondoka, yalifichwa tu kwenye khanga na mifukoni. Vumilia aliona. Alizaliwa hapa hapa Nyahanga, aliwajua watu wake: kwenye msiba hawana wapinzani, na kwenye hasira hawana breki.

"Haya, marehemu," alimgeukia Feisal. "Nieleze."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Jana nilikuwa bandari kavu Isaka, napokea mzigo wangu wa vipuri. Simu ilizima chaji. Nashuka kwenye lori jioni nakuta turubai uwanjani kwetu! Wanaume wanatoka makaburini na majembe begani, shimo wameshachimba! Shangazi yangu kuniona tu, kaacha viatu, kakimbia!"

"Na mama yako?"

Sauti ya Feisal ikashuka. "Wanawake waliingia wanalia, wana kuni vichwani. Hakuna aliyemuuliza chochote. Mama yangu, Bi Zamoyoni wa watu, alisimama ghafla, akaanguka kwenye ngazi. Yuko hospitali."

Hapo ndipo palipomuuma Vumilia. Mtaa mzima ulipata ujumbe kwamba Feisal kafa kwa ajali, na hakuna hata mmoja aliyempigia simu mama yake. Nani ampigie mfiwa kumuuliza, "Eti ni kweli?" Ni aibu. Unasikia msiba, unabeba kuni, unakwenda. Aliyetunga uongo ule aliijua vizuri hiyo tabia.

Ujumbe huo ulitoka kwenye tovuti ya chama chao cha kuzikana. Wanachama walitawanyika, wengine kwenye machimbo ya Bulyanhulu, wengine kwenye malori, kwa hiyo tangazo likiwekwa au likibadilishwa, tovuti inatuma ujumbe kwa kila simu. Katibu ndiye Zuhra. Na mkuu wa upelelezi alikuwa ameshatoa amri asubuhi: jina lipo, mlete ndani.

Vumilia aliingia, akafunga mlango.

"Shikamoo, Afande," Zuhra alisema.

"Marahaba. Tangazo hilo uliliandika?"

"Niliandika tangazo la kufyeka makaburi Jumapili. Mchana nafungua simu nakuta limegeuka msiba wa Feisal, nikadhani fundi wa tovuti ndiye kaliweka. Jina langu limebaki pale pale chini."

"Limegeuka? Halikuwa jipya?"

"Lile lile, Afande. Maneno tu ndiyo yamebadilishwa."

"Nenosiri lako nani analijua?"

"Hata mume wangu halijui." Alijifuta macho kwa khanga. "Ukinipeleka na difenda ya polisi mbele ya wale watu, hata ukiniachia kesho, mimi hapa siishi tena."

Vumilia alijua ni kweli. Alimwita kwa simu askari mmoja aje kukaa mlangoni, akamsubiri afike, akaondoka.

Abdulhalim, fundi aliyeitengeneza tovuti, alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Alimpokea Inspekta kwa soda. Soda haikuguswa.

"Nani anaweza kubadilisha tangazo?"

"Katibu peke yake. Mwanachama ana ruhusa ya kuweka na kurekebisha tangazo lake tu. Kwenye la mwenzake haoni hata kitufe cha kuhariri."

"Haoni, au hawezi?"

Abdulhalim alianza kupanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika.

"Abdulhalim. Haoni, au hawezi?"

"Kitufe... kimefichwa, Afande."

Vumilia alivuta kiti. Alipopelekwa kozi ya makosa ya mtandao, wenzake kituoni walimtania kwamba amekwenda kujifunza kuchati. "Ingia kama mwanachama wa kawaida. Usitumie akaunti yako ya fundi. Haya, fungua ukurasa wa kuhariri tangazo lako. Hapo juu kwenye anwani pana namba. Futa, andika namba ya tangazo la Zuhra."

Abdulhalim aliandika kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetia saini hukumu yake. Ukurasa ukafunguka. Vumilia alichapa: *Vumilia alipita hapa.* Akahifadhi. Simu ya Abdulhalim ikalia mezani, na bila shaka simu za mtaa mzima pia. *Vumilia alipita hapa. Limetolewa na Zuhra, Katibu.*

"Ni plagini," Abdulhalim alijitetea, jasho likimtoka. "Kile kipande cha programu ninachobandika kwenye tovuti kiendeshe matangazo. Kinauliza kama umeingia kwa nenosiri lako. Basi. Hakiulizi kama tangazo ni lako, wala kama wewe ni katibu."

"Yaani mlinzi yuko getini, na ndani milango yote haina komeo."

"Waliokitengeneza wameshatoa toleo lililozibwa. Onyo lilinifikia."

"Lini?"

"Kabla ya mfungo wa Ramadhani uliopita."

"Na?"

"Toleo jipya lilikuwa linavuruga rangi za tovuti."

"Rangi." Vumilia alilitamka neno hilo polepole. Kisha akapiga meza, soda ikaruka. "Bibi wa watu kalazwa, mwanamke anapigwa mawe, kwa sababu ya rangi! Sikiliza. Kwanza nakili kila kitu kama kilivyo, huo ni ushahidi. Kisha izime hiyo plagini, weka toleo jipya. Kila ombi la kubadilisha likaguliwe kule kule kwenye seva: ni nani huyu, na tangazo hili linamhusu? Kuficha kitufe si kufunga mlango. Watoe wote nje waingie upya. Kila badiliko libebe jina la aliyeligusa. Ukimaliza, jaribu kuvunja mwenyewe kwa akaunti ya mwanachama. Ukishindwa, ndipo uniambie umetengeneza."

"Sawa, Afande."

"Aliyeligusa la Feisal ni nani?"

"Haiandiki. Inatunza maneno ya zamani na saa yalipobadilishwa. Mkono haiutunzi."

"Basi nionyeshe matangazo yote ambayo maneno yake yaliwahi kubadilishwa baada ya kutoka."

Mengi yalikuwa makosa ya herufi. Moja halikuwa hivyo. Noela, binti wa Herman na Zipora, kafariki kwa malaria. Mazishi Jumamosi. Kisha, bila maelezo, mazishi Jumapili. Kwenye tovuti, juu yake palikuwa na tangazo la walima wa Feisal, karamu ya ndoa yake, Jumamosi hiyo hiyo.

"Mtoto huyu alizikwa lini?"

Abdulhalim alitazama chini. "Jumamosi. Sisi tulifika Jumapili na kuni zetu. Tukakuta kaburi limeshasawazishwa. Mama yake alitutazama tu."

Vumilia alichukua kopi, akarudi mtaani kwa jirani mmoja ambaye hakuna kilichompita: Zuleha, Mama Amira, muuza vitumbua.

"Mama Amira, jana msibani, nani alikuja na nini?"

"We! Hayo ndiyo maswali!" Zuleha alijipangusa mafuta mikononi. "Mimi kuni. Jirani kaleta unga, akanimwagia mgongoni. Mwenyekiti alileta turubai lake lenye matundu. Wanaume majembe. Hata Herman alikuja, lakini mikono mitupu."

"Herman mchimbaji?"

"Ndiyo nikashangaa! Makaburi yote ya mtaa huu anaanza yeye na sululu yake. Jana kakaa pembeni anatutazama tunavyoingia, mmoja mmoja, kama anatuandikisha. Namuuliza, ananiambia mpini umevunjika."

"Ahsante, Mama Amira."

"Kitumbua je?"

"Baadaye, mayu," alisema kwa Kisukuma, kama mtu anavyomjibu mama yake.

Herman alikuwa uani anaosha buti zake za machimboni. Zipora, mkewe, alikuwa jikoni, moshi unatoka. Vumilia alisalimia, akaomba maji, na alipokuwa akinywa akatazama nyuma ya mlango. Sululu ilisimama pale. Mpini wake mzima, umeng'aa kwa viganja.

"Huu ndio uliovunjika?"

Herman alizidi kusugua buti.

"Watu wanachimba kaburi, na wewe mchimbaji umekaa. Kwa nini?"

"Niliumwa."

"Mama Amira ulimwambia mpini. Mimi unaniambia ugonjwa. Ulijua Feisal yu hai."

Buti likaanguka. Herman alinyanyuka, macho mekundu.

"Sululu haimchimbii kaburi mtu aliye hai. Huo ni uchuro, Afande. Kuandika niliweza. Kuchimba, hapana."

"Kwa nini Feisal?"

"Kwa nini?" Sauti yake iliwatoa majirani majumbani. "Mwanangu nimemzika na watu wanne! Wanne! Mimi ninayewachimbia wote! Upepo ulikuwa unatuletea muziki wa walima wake, na Zuhra alikuwa huko anacheza! Simu nilikuwa nimeizima kwa uchungu, kumbe Katibu kasogeza siku ya mwanangu ili tajiri ajaze ukumbi. Nikasema, ngoja. Nilimsikia dukani kwake akisema anakwenda Isaka. Ngoja nione akifa yeye mtakuja wangapi. Mlikuja wote! Hata wagonjwa mlikuja!"

Umati ulikuwa umejaa uani, na difenda ya polisi ilikuwa imeshaegeshwa nje. Zuhra alifika na askari wake, Feisal akiwa mbele.

"Bi Zamoyoni je?" Vumilia aliuliza.

Herman akafunika uso. "Yule bibi alimpenda Noela. Sikumfikiria. Hasira haikunipa nafasi."

"Mlango wa tovuti uliujuaje?"

"Nilikuwa nabofya tu, natafuta tarehe ya mwanangu ilivyobadilishwa. Nikakuta la Zuhra linafunguka."

"Ulipoona uko wazi kwako, Herman, hukujiuliza ulikuwa wazi kwa nani mwingine?"

Herman aliinua kichwa taratibu.

Vumilia alikunjua kopi. "Tangazo la Noela lilibadilishwa mara tu baada ya Feisal kuweka la walima wake. Katika hilo Zuhra hakuwa na cha kupata. Feisal?"

"Mimi nimefiwa... yaani nimefishwa! Mimi ndiye niliyedhulumiwa!"

"Feisal."

"Nilishachinja ng'ombe!" ilimtoka. "Niliona la Herman liko chini ya langu, Jumamosi ile ile, nikajaribu, likafunguka. Siku moja tu! Nilidhani wenyewe wataona, watasogeza. Na alikuwa... alikuwa mtoto tu, watu wachache wangetosha."

Zuleha, ambaye hakuwahi kukosa neno, alitema mate chini. Herman alimrukia Feisal, askari wakamdaka hewani.

"Wote wawili kwenye difenda," Vumilia alisema, meno kayauma. "Kila mmoja na shitaka lake. Na Abdulhalim naye atakuja kutueleza habari za rangi."

Gari lilipoondoka, watu walibaki wamesimama, hawatazamani. Zuhra aligeuka kwenda kwake, peke yake, wakampisha njia.

"Zuhra."

Zipora alikuwa ametoka jikoni na birika la maji.

"Mume wangu kakosa, atalipa. Lakini tangu Jumapili ile sikuitika salamu yako."

"Najua, Mama Noela."

"Siku ya kumzika nilipika sufuria kubwa ya wali. Nikaumwaga. Leo nimeupika tena, nilisema nitakula mwenyewe mpaka uishe." Alimshika mkono. "Ingia ndani ule."

Kisha akaugeukia mtaa wake, akainua birika.

"Na nyie tupeni hayo mawe. Njooni mnawe mikono, muingie mle."