Mkono Kwenye Chandarua

Kila Agosti hekalu moja la mtaa wa Yanaka hutundika picha zake za mizuka, na watu wa Tokyo hujazana humo ili joto la nje walisahau kwa woga. Chizuru, ndani ya yukata ya buluu, vazi jepesi la kiangazi lililomkaa vizuri, alisukumwa na umati akamkanyaga mwanamume mrefu aliyekuwa ameikodolea macho picha moja. Pichani, mwanamke asiye na miguu, nywele zimemwagika, ameshika pindo la chandarua. Ndani amelala mwanamume.

"Samahani, kaka!"

"Usijali. Hebu niambie, huyu anataka nini? Mimi naona anafunua aingie. Ana hasira."

"Hasira gani! Anachomekea, mtu wake asiumwe na mbu. Kwani hujawahi kulala kwenye chandarua?"

Mwanamume huyo, Kensaku, akacheka, mara ya kwanza tangu amzike mkewe, Fumie. Mapenzi yakaanzia hapo.

Mwaka ukapita kwa simu za "umekula, mpenzi?" Kisha ikaja Obon, siku ambazo marehemu hurudi majumbani mwao.

"Usije kwangu siku hizi," Kensaku alisema kwenye simu. "Fumie yupo."

"Yaani nishindane na marehemu?"

"Chizu, si hivyo..."

"Basi kaa naye!" Akakata.

Aliumia. Alirudi hekaluni peke yake, na safari hii picha ilimtisha: vidole vile vilikuwa vinafunua. Mwanamke kaja kuchukua chake. Picha ni ileile, lakini wivu una macho yake, jamani.

"Anachomekea," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa Kensaku, ndevu hazijanyolewa.

"Umejuaje nipo hapa?"

"Simu hupokei. Nikasema yuko kwa shoga yake wa pichani." Akashusha sauti. "Nilikuficha kwa woga, Chizu. Nilidhani Fumie akijua nakupenda atanikasirikia. Jana nikamwambia yote, hata unavyokoroma. Nikalala usingizi mzuri ajabu."

"Mimi nakoroma?"

"Sana. Jioni namsindikiza Fumie arudi kwao. Njoo, tafadhali."

Jioni waliwasha moto mdogo wa mabua, wa kuwaaga marehemu, mlangoni pa Kensaku. Moshi ulipanda. Chizuru akainama sana, machozi yakimtoka.

"Dada Fumie, nenda salama. Mwakani ukija, utanikuta ninaishi humu ndani."

Kensaku akageuka ghafla. "Humu ndani?"

"Hebu nyamaza," Chizuru akasema. "Naongea na mwenye nyumba."