Bedford ya Mzee Jotham

Erasto Mwangoka alikufa ameshika usukani ambao haukuwa umeungana na kitu chochote.

Inspekta Veronika Mwasandube alichuchumaa kwenye michai iliyolowa ukungu, akamtazama. Kebini ilikuwa imelala ubavu bondeni. Chasisi, pamoja na injini yake ya dizeli na magurudumu yote, ilikuwa imebaki juu kwenye kona ya barabara ya Masukulu, pua imekita kwenye ukingo wa udongo. Gari moja lilikuwa limegawanyika sehemu mbili, na dereva alikuwa kwenye ile sehemu mbaya.

"Ajali, afande," alisema Koplo Jairo. Alikuwa amehamishiwa Tukuyu kutoka Shinyanga, na mvua ya huku alikuwa bado hajaisamehe.

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Basi andika kwamba kila mtu kasema. Halafu niletee bolti zilizokuwa zimeshika bodi hii ya kebini kwenye chasisi."

Hakukuwa na mtu Rungwe asiyeijua bodi ile. Ilikuwa ya Bedford ya kijani ya Mzee Jotham, iliyobeba kahawa ya Masoko enzi hizo, ikabeba maharusi, ikabeba na majeneza, kisha ikatelekezwa migombani mpaka kuku wakawa wanataga ndani yake. Mwaka huu mwanawe Erasto aliing'oa bodi hiyo akaipachika juu ya lori lake la mashindano, lenye turbo na moshi mweusi wa kutisha watoto. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mbio. Leo asubuhi alikuwa amelitoa kulijaribu tu.

Jairo alirudi na bolti nne kwenye mfuko wa vielelezo.

"Bolti ikishindwa na uzito inakuwaje?" Veronika aliuliza.

"Inapinda. Au inakatika."

"Hizi je?"

Jairo alizigeuza kwenye mwanga. Zilikuwa zimenyooka. Nyuzi zake zilikuwa safi, na grisi bado ilikuwa juu yake.

"Hazijakatika, afande. Zimefunguliwa nati."

"Basi acha kuniambia habari za ajali."

Aliingiza kichwa ndani ya kebini. Nati zile zilikazwa kwa ndani, chini ya bamba la sakafu, mbele ya kiti. Anayetaka kuzifikia sharti akae kwenye kiti hicho, ainame, apitishe spana katikati ya miguu yake. Kiti chenyewe kilikuwa kilekile cha zamani cha Bedford, ngozi imepasukapasuka. Kwenye mkunjo wake, kati ya kikalio na egemeo, palikuwa na kipande cha jani la mgomba kilichonasa. Kilikuwa kimeondolewa uti na kubabuliwa motoni kikalainika.

"Takataka," alisema Jairo. "Wilaya nzima hii ni migomba."

Veronika alikitia kwenye mfuko hata hivyo. Kilimsumbua, na hakujua kwa nini.

Walipofika gereji mjini Tukuyu, umati ulikuwa umeshajaa. Fundi Mansuri alikuwa amejifungia ndani. Nje, vijana wa ukoo walikuwa wakipiga mlango wa bati kwa mawe, na mmoja wao alikuwa ameshika galoni la petroli. Mbele yao alisimama Lazaro, mdogo wake marehemu, macho mekundu.

"Tupishe, Inspekta."

"Nani kakutuma?"

"Mzee. Kasema kaka hazikwi huyu akiwa anapumua."

"Ukichoma gereji hii utalala ndani leo."

"Nitalala. Labda Mzee mwenyewe atupigie simu, aseme tuondoke. Tunamsikiliza yeye tu."

Veronika alipenya, akajitaja mlangoni, fundi akamfungulia. Mansuri alirudi kuketi sakafuni nyuma ya winchi, mikono juu ya magoti. Alikuwa mtu wa mji huu tangu azaliwe, na magari ya nusu ya watu waliokuwa pale nje aliyatengeneza yeye.

"Nani alifunga bodi?"

"Mimi, afande."

"Na nani?"

"Peke yangu. Jana baada ya sala ya alasiri. Nilikaza zote nne, nikazitia alama ya rangi nyeupe. Wallahi nilikaza."

"Mligombana naye."

"Tuligombana kila siku! Nilitaka bodi nyepesi. Yeye anataka chuma cha baba yake. Nilimwambia hilo chuma litakuzika." Alifumba macho. "Watu walisikia."

"Walisikia sana. Ufunguo wa gereji unakaa na nani?"

"Mimi ninao. Erasto naye anao, anautundika nyumbani kwake."

"Leo alikuwa ajaribu gari?"

"Hapana. Tulipanga liende moja kwa moja kwa wakaguzi wa mashindano, Ijumaa. Amekuja asubuhi kabla yangu, kalichukua. Hakunitaarifu."

Jiwe lilitua juu ya paa, Mansuri akaruka. Veronika hakugeuka. Alikuwa ameshatoa ule mfuko wenye jani.

"Wewe ukikaa kwenye kile kiti unatandika nini?"

"Nitandike?" Mansuri alimwangalia kama amechanganyikiwa. "Nakaa tu, na oili zangu. Kiti cha gari hicho, afande."

Kiti cha gari. Kiti cha nani? Veronika alimwacha Jairo na askari wawili mlangoni, wanaume watatu dhidi ya ukoo mzima, akalikimbilia gari la polisi.

Njia nzima ya Masoko alikuwa akiikumbuka siku aliyoshikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Gari lililopatikana kumpeleka hospitali ya Igogwe lilikuwa la baba mkwe wake. Mama mkwe alimkataza kupanda mpaka kwanza atandike jani la mgomba kwenye kiti. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wakikutana njiani anaingia porini kumpisha, na alipokaa mzee yeye hakai. Akikalia jani, hajakalia kiti chake. Veronika alikuwa amecheka siku ile, uchungu na yote. Mabinti wa mjini siku hizi hawayajui hayo. Lakini wapo waliolelewa na bibi zao.

Aliyefungua zile nati hakuwa akijikinga na uchafu. Alikuwa akimheshimu Mzee Jotham.

Msibani, nyumbani kwa Mzee Jotham, wanaume walikuwa wamekaa uani, na Mzee katikati yao, blanketi mabegani. Veronika alipiga goti, akamsalimia kwa Kinyakyusa kama baba.

"Ndaga, tata."

"Ndaga." Sauti ya mzee ilikuwa imekauka, na lafudhi yake ya Kinyakyusa haikuwa na r wala z. "Niambie. Ni gali langu limemuua mwanangu, au ni mtu?"

"Ni mtu, tata. Lakini siyo Mansuri. Nakuomba umpigie Lazaro simu."

"Siyo Mansuli? Alisema litamsika, watu wakasikia. Wewe unamtetea kwa sababu gani?"

"Tata, wale vijana wataua."

"Na mimi nimeuliwa," alisema mzee, akageuzia uso pembeni.

Veronika alizunguka nyumba, akawaomba wanawake wamwitie mjane. Lilian alitoka amejifunga khanga kifuani, mwembamba, macho makavu kabisa. Walisimama nyuma ya jiko, kwenye migomba.

"Pole, mdogo wangu."

"Asante, dada."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Veronika alimwonyesha mfuko. Lilian aliliangalia jani lile, kisha akauangalia mkono ulioshika.

"Bibi yako alikufundisha vizuri," Veronika alisema taratibu. "Mimi nilifundishwa na mama mkwe. Hulazimiki kusema lolote, Lilian. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kutumika mahakamani."

Lilian alifungua pindo la khanga yake. Nati nne zilidondoka kiganjani, kila moja na rangi yake nyeupe.

"Nilitaka wakaguzi waione bodi inacheza," alisema. "Wamkatalie. Basi. Wamwambie hili gari halishindani, arudi nyumbani anune wiki nzima, mimi nimpikie, nivumilie."

"Kwa nini hukumwambia tu?"

"Sikumwambia?" Sauti yake ilipanda. "Kaka yangu Emmanuel alikuwa amekaa kando yake kwenye mbio za mwaka jana, dada. Wewe si ulikuja kupima ile ajali? Erasto alilia juu ya kaburi la kaka yangu, akaapa mbele ya mama yangu kwamba hatashindana tena. Mwezi haujapita, anachora lori kwenye makaratasi. Nilipopiga magoti akaniambia, hili litakuwa na bodi ya baba, chuma kizito, hakuna litakalonipata."

"Spana ulijulia wapi?"

"Alinifundisha yeye. Nilikuwa namshikia taa." Hapo machozi yalitoka, yote kwa pamoja. "Nilijua halitoki mpaka Ijumaa. Asubuhi nimeamka, kitanda kitupu. Nilikimbia, dada. Nilikimbia bila viatu mpaka gereji, nikakuta mlango wazi."

Veronika aliziweka nati kwenye mfuko. Kuua bila kukusudia, alijiambia. Neno la mahakamani, na halikumsaidia yeyote pale migombani. Aliona huruma iliyomkera, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Simu yake ilitetemeka. Alikuwa Jairo.

"Afande, wamemwaga petroli mlangoni. Fanya haraka."

Lilian alisikia. "Watamchoma fundi?"

"Wanamsikiliza Mzee tu. Na Mzee hanisikilizi mimi."

"Mwambie ni mimi."

"Atasema namtetea Mansuri. Ameshasema hivyo."

Lilian alijifuta uso. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akizunguka nyumba ile kwa nyuma ili asionane na yule mzee.

"Sijawahi kusema naye," alisema.

"Najua."

Alijifunga khanga upya, akatembea. Hakupita nyuma. Alipokunja kona ya nyumba, mwanamke mmoja alipiga kelele, "Lilian! Baba mkwe wako yuko huko, wewe!" Hakusimama. Wanaume waligeuka mmoja mmoja. Mzee Jotham alimwona anakuja, na kwa mazoea ya maisha yote akainua blanketi kujifunika uso, ampishe.

Lilian alipiga magoti mbele ya lile blanketi.

"Tata."

Mzee alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile.

"Mpigie Lazaro. Mansuri alikaza, mimi nikafungua. Nilitaka gari lisiende. Ni mimi, tata."

Blanketi lilishuka taratibu. Mzee alimtazama, na Lilian hakuinamisha macho. Walitazamana hivyo mbele ya watu wote, mpaka mzee akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, akiomba simu. Veronika alimbonyezea namba.

"Lasalo. Ondokeni hapo. Mwacheni huyo mtu."

Sauti ya kijana ilifoka upande wa pili. Nani kamwambia hivyo? Yule polisi?

"Mkamwana wangu," alisema Mzee Jotham. "Kanitamkia mwenyewe, kwa mdomo wake."

Lazaro hakuuliza tena. Mzee alirudisha simu, akajifunika blanketi kichwani, na hapo ndipo alipoanza kulia.