Futi Mia Mbili

Nianze kwa kukiri, ndugu wasomaji, kwamba sisi tulioishi jengo moja na watu hawa hatukuliona lililokuwa mbele ya macho yetu. Tulisikia vishindo ghorofa ya pili, tukasema wanahamisha kabati. Kabati gani huhamishwa kila wiki? Hatukujiuliza. Na aliyepaswa kujiuliza kuliko sisi sote alikuwa kaka wa mke aliyeishi ghorofa ile. Kazini walimwita Mratibu, na kisa hiki ni chake.

Jumapili moja mchana alikuwa mezani kwa mdogo wake, fundi cherehani mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Upepo ulipeperusha mapazia aliyoyashona mwenyewe. Mumewe alikuwa akimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Huyo ndiye Bwana Taratibu, mwongoza ndege. Marubani walimpa jina hilo kwa ajili ya sauti yake ambayo, walisema, ingeweza kumlaza simba.

"Kaka, ongeza chakula. Umekonda, ukisimama kando ya sindano watu watauliza ipi ni ipi."

"Nikinenepa, nani atanipunguzia suruali bure?"

Wakacheka. Fundi aliponyoosha mkono kumpa bakuli, mkono wa gauni ukapanda, na Mratibu akaona alama nne nyeusi zilizopangana kama vidole.

"Na hapo umefanya nini?"

"Mlango," Taratibu akajibu kwa upole, kabla mkewe hajafungua kinywa.

Fundi akatazama sahani. Mratibu akaendelea kula.

Mashemeji hawa wawili walifanya kazi katika chumba kimoja chenye giza la makusudi, mbele ya skrini ambamo kila ndege ni nukta yenye namba. Taratibu alizungumza na marubani. Mratibu, kando yake, alipiga simu vituo vingine kupanga nani aingie lini. Sheria yao ilikuwa fupi: kati ya ndege na ndege, futi elfu moja kwa kimo, au maili tano kwa umbali. Pakipungua, aliyekuwa akiongoza huondoka kitini papo hapo, taarifa huandikwa, naye harudi mpaka daktari amwone na kumhoji. Lakini chumba kile kilikuwa na desturi yenye nguvu kuliko sheria: kufunikana. Leo nikufunike, kesho unifunike. Mratibu alikwisha kufunikwa mara moja, na aliyemfunika alikuwa shemeji yake.

Jumanne, Taratibu aliingia kazini mkono wa kulia umevimba, vifundo vya vidole vimechubuka.

"Mlango tena, shemeji?" Mratibu akatania.

"Mlango." Hakucheka.

Saa nne asubuhi mkuu wa zamu alitoka kunywa chai. Ndege yenye abiria mia moja na arobaini ilikuwa ikishuka. Nyingine ndogo, ya mizigo, ilikuwa ikipanda ikija upande wake. Ya mizigo ilikwisha kuambiwa ikomee futi elfu kumi na moja, kwa hiyo ya abiria ilipaswa kukomea elfu kumi na mbili. Taratibu alikuwa ameinamia mapaja yake, ambako alishika simu iliyopigwa marufuku mle ndani. Bila kuinua macho akasema kwa sauti yake ile tamu, "Nne sifuri saba, shuka hadi elfu kumi na moja."

King'ora kikalia. Nukta mbili zikawa nyekundu. Taratibu alizitazama kama mtu anayetazama nyumba ya watu wengine ikiungua. Mratibu akampiga kikumbo, simu ikaanguka, akanyakua kipaza sauti.

"Nne sifuri saba, pinda kulia! Sasa hivi! Acha kushuka!"

Kisha rubani wa mizigo, sauti imempasuka: "Amepita juu yangu. Nimesoma maandishi tumboni mwake."

Na yule wa abiria: "Watu wanapiga mayowe huku nyuma. Nani alitupa kimo hicho?"

"Pole, nahodha," Mratibu akajibu. "Tutalishughulikia huku chini."

Futi mia mbili. Mtoto hukimbia umbali huo kwa pumzi moja. Ndege huumaliza kabla hujapepesa jicho.

Mratibu akainama kuokota simu. Ujumbe ambao Taratibu alimwandikia mkewe ulikuwa bado unang'aa: *Nikirudi nikukute umefungua mlango wa chumba. Usipofungua nitakuvunja wewe.* Akausoma mara mbili. Mlango wa chumba ukafunguka, mkuu wa zamu akaingia na kikombe chake.

"Nimesikia king'ora. Kuna nini?"

Hapa, ndugu msomaji, simama nami kidogo. Mratibu alikuwa na maovu mawili mkononi, na sentensi moja tu ingeyatoa yote nje: Taratibu angeondolewa kitini, daktari angeuona mkono ule na kuuliza umempiga nani.

"Mashine tu, mkuu. Unaijua, hulia kama mbuzi aliyesahauliwa juani."

Mkuu akacheka. Kitabuni Mratibu akaandika: hakuna tukio. Kisha akamrudishia shemeji yake simu.

Saa saba, zamu ilipokwisha, walikutana kwenye maegesho.

"Sasa umeniweka mfukoni," Taratibu alisema.

"Nimekusitiri, shemeji."

"Ni yale yale. Dada yako amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Nenda nyumbani, upumzike. Yamalizeni kwa upole."

Kwa kinywa chake mwenyewe alimwelekeza nyumbani.

Haikupita saa, simu ya Mratibu ikalia. "Kaka, anavunja mlango!" Nyuma ya sauti hiyo, vishindo, na sauti ya pili: "Kaka yako anadhani amenipata! Mmekaa mkanijadili!" Mbao zikapasuka. Kisha kishindo cha kitu kizito juu ya mwili.

Alipofika, sisi majirani tulikuwa ngazini, mikono tumekunja. Alitupita kwa viwiko. Ndani, mlango ulilala sakafuni. Fundi alikuwa amejikunja chini ya cherehani, uso ni damu tupu, meno mawili yamelala kati ya vifungo vilivyomwagika. Taratibu alikuwa akizungusha pasi kwa waya wake. Mratibu akamrukia. Pasi ikampasua kichwa. Akampiga ngumi, akapigwa, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu, wakaangukia kabati la vioo na kugaagaa juu ya vigae vyake. Ndipo watatu kati yetu tulipoona haya, tukaingia, tukamkalia Taratibu kifuani.

"Niachieni," alisema, sauti bado tulivu. "Huyu ni mke wangu."

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Ameumizwa na nini?"

Mratibu akafungua kinywa, na ulimi, kwa mazoea, ukatangulia: "Aligonga..."

"Kaka," Fundi akasema kwa midomo iliyoshonwa, "usinifunike."

Mratibu akaomba karatasi. Aliandika taarifa mbili, moja ya polisi, moja ya kazini, akazipeleka mwenyewe kabla malalamiko ya marubani hayajafika.

Funzo

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika kisa hiki aliyeficha ni mmoja, na aliyelia ni mwingine. Jamaa zangu, kukoswa na ajali ni onyo, nalo onyo hupewa aliye hai ili aseme. Sitiri aibu ya mwenzako ukiweza, lakini usisitiri hatari yake, kwani unayemfunika leo ana mtu anayemngoja nyumbani, au angani, asiye na wa kumfunika.

Taratibu yuko gerezani. Mratibu alifungiwa leseni miezi sita, kisha akarudi kazini. Chumba kile sasa huandika kila tukio, na anayehusika hupumzishwa papo hapo bila kutukanwa. Jicho la kushoto la Fundi halikupona. Bado anashona; hutungiwa uzi na wateja.