Karatasi Iliyopona Kabla ya Mgonjwa

Kila asubuhi saa mbili, Chiriku alibeba chupa ya chai na kikapu cha chakula, akavuka barabara mbili, akapanda ngazi hadi wodi ya wanaume waliofanyiwa upasuaji. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama yake alikuwa akiuza nyama buchani, kwa hiyo kushinda na mgonjwa ilikuwa zamu yake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa baba yake, muuza nyama ambaye mtaa mzima ulimwita Shoka. Na Shoka alikuwa na dharau, jamani! Alidharau mvua, akadharau wauza kuku, akadharau hata madaktari. "Koti jeupe hata mimi ninalo," alikuwa akisema. Daktari alipomweleza kwamba uvimbe mdogo kwenye pafu lake la kulia ungetolewa kupitia matundu matatu ubavuni, moja la kamera na mawili ya vifaa, alicheka mpaka akakohoa.

"Daktari, mimi nafungua vifua vya ng'ombe kila alfajiri. Kifua hakifunguliwi kwa tundu la kifungo."

"Ndiyo maana ng'ombe wako hawarudi nyumbani," daktari alimjibu bila hata kuinua macho.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Shoka alilazwa usingizi kwa dawa, akaamka uvimbe umekwisha kutolewa, na bomba la plastiki limetoka ubavuni hadi kwenye chupa iliyokuwa sakafuni. Muuguzi, mama mfupi mwenye miwani na maneno makali, alimweleza kwamba bomba lile lilikuwa la kutoa hewa na majimaji. Mbavu na bega vitauma, alisema, na dawa ya maumivu ipo. Atembee ukumbini mara tatu kwa siku. Akikohoa, akumbatie mto. Na kila saa avute pumzi mara kumi kwenye kifaa chenye mrija na mipira mitatu, mpaka mipira ipande.

"Pafu likiguswa husinyaa," alisema. "Usipolifungua kwa pumzi, litajaa makohozi." Akamgeukia Chiriku, akampa karatasi yenye visanduku vya kila saa. "Kila akivuta mara kumi, weka alama ya vema. Akifanya hivyo, Jumamosi yuko nyumbani."

Jumamosi! Chiriku alilitamani neno hilo. Nyumba bila kelele za baba yake ilikuwa imepooza kabisa.

Lakini muuguzi alipogeuka tu, Shoka alisonya. "Mipira! Mtu mzima na ndevu zangu, nichezee mipira kama mtoto wa chekechea?" Akakipuliza kifaa mara moja, badala ya kuvuta, akakitupa kitandani. "Nina matundu matatu tu, hata mbu hufanya zaidi. Weka vema, mama," alimwambia binti yake. " Nani atajua?"

Chiriku akaweka. Saa iliyofuata akaweka tena. Muuguzi alipouliza, "Amevuta?" binti aliyezoea kujibu kwa hotuba alijibu neno moja tu: "Amevuta." Na kutembea je? Shoka alitembea hadi dirishani, akaona inatosha. Ama kweli mgonjwa na mwangalizi walikuwa wamekutana.

Siku ya tatu asubuhi, Chiriku alimkuta baba yake ana homa, midomo imekauka, anahema juujuu. Hata kusonya alisonya nusu. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba sehemu ya chini ya pafu imesinyaa. Daktari alisema lisipoanza kufunguka kufikia kesho, watamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Muuguzi aliichukua karatasi. Vema, vema, vema, hakuna pengo hata moja.

"Hongereni," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa wodi. "Karatasi hii imepona kabisa. Basi Jumamosi tuiruhusu iende nyumbani, mgonjwa abaki."

Wodi nzima ikacheka. Shoka akasonya.

"Pumzi ya kusonya unayo, ya kuvuta huna? Haya, vuta tuone."

Shoka alivuta. Mpira wa kwanza ulitikisika kidogo, ukatulia palepale. Chiriku akaangua kilio.

"Niliweka mimi! Hakuvuta hata siku moja!"

"Mwache mtoto," Shoka alisema kwa shida. "Nilimtuma mimi."

Muuguzi hakuwabembeleza. "Baba, muuza nyama akibonyeza mizani kwa kidole, unamwitaje?"

"Mwizi," Shoka alijibu haraka, maana katika hilo alikuwa safi, mtaa mzima ulijua.

"Na ninyi mmebonyeza mizani. Tena afadhali mwizi, yeye humpunja mteja. Ninyi mmejipunja wenyewe."

Shoka akanyoosha mkono, akakiomba kile kifaa.

Kuanzia hapo Chiriku akawa hana huruma. "Hiyo si kumi, baba, ni saba. Siweki." Shoka alikumbatia mto, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alikokota miguu ukumbini na chupa yake mkononi, akihesabiwa na binti yake mlango kwa mlango. Jioni ile mpira wa kwanza ulipanda. Kesho yake ukapanda wa pili, na homa ikashuka. Majibu ya uvimbe nayo yakaja: haukuwa wa hatari. Jumamosi ilipita wakiwa palepale wodini. Bomba lilitolewa Jumatatu.

Muuguzi aliikagua karatasi mpya, yenye mapengo huku na huku. "Hii ndiyo naiamini," alimwambia Chiriku. "Pengo la kweli linanionyesha pa kusaidia. Vema ya uongo inanifumba macho, na ninayemwua ni baba yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, sista. Nisamehe."

Wiki tatu baadaye Shoka alikuwa ameketi buchani kwenye kiti, kwa maana kunyanyua mizigo bado kulikatazwa. Mteja mmoja aliomba kuuona mshono, akaviona vidonda vitatu vidogo, akasonya.

"Hivi tu? Na wiki zote hizi umekaa kama bwana harusi?"

Shoka alivuta pumzi ndefu, taratibu, mpaka mwisho.

"Tundu ni mlango tu, ndugu yangu. Kazi ilifanyika ndani ya nyumba. Nilidharau kama wewe, nikafundisha mwanangu uongo, nusura anizike nao." Akamgeukia binti yake. "Mama, mpimie kilo yake. Na mkono wako ukae mbali na mizani."