Jina la Nelvine Kwenye Mashine ya Owino

Siku ile ofisi ya chama cha wakulima wa chai mjini Kericho ilikuwa inaondoa vitu vya zamani, na uwanja wa nyuma ulijaa watu kama soko. Viti vya miguu mitatu, makabati ya chuma, mafeni yaliyokufa, kila kitu kilipangwa kwenye nyasi, na kila mtu alimsukuma mwenzake ili aone vizuri. Nelvine Chelangat, karani wa ofisi hiyo, alisimama katikati na orodha mkononi. Alivaa sweta ya rangi ya maziwa na sketi ya kijani iliyomkaa sawasawa, nywele zimesukwa mistari myembamba hadi kisogoni.

"Nambari ishirini na saba! Kompyuta. Nani anataka?"

Watu wakacheka. Ile kompyuta ilikuwa sanduku jeusi, zito kama gunia la mahindi, na vumbi lake lilikuwa la miaka.

"Mimi nataka."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa vizuri, na bisibisi mbili mfukoni. Aliitwa Owino. Baba yake alitoka pande za ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, na yeye alizaliwa hapo hapo kwenye nyumba za wafanyakazi, katikati ya majani chai.

"Kaka, uko na hakika?" Nelvine akamuuliza. "Nimeitumia miaka sita. Ikianza kuwaka, unaenda kuchemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, unarudi unapata bado."

"Dada, hiyo iko na prosesa mbili. Mlikuwa mnaitumia kuandika barua tu. Ni kama kutuma trekta dukani ilete chumvi."

"Sasa utaifanyia nini?"

"Nipe kwanza password. Na namba ya simu ya mwenye password, ikikataa nimuulize."

Watu wa karibu wakashangilia. Nelvine akajifanya amekasirika, lakini namba aliandika.

Jioni simu ikalia. "Password imekataa."

"Umeanza na herufi kubwa?"

"Sijui. Nisomee polepole, moja moja."

Alimsomea. Kesho yake ikakataa tena. Siku ya tatu Nelvine akasema, "Wewe Owino, hebu sema ukweli."

"Ukweli ni kwamba password sikuhitaji. Ile diski ya zamani niliitoa siku ya kwanza, kwa sababu iko na mambo ya ofisi yenu. Nimeiweka kwa bahasha, nitakuletea mkononi."

"Kumbe ni mwongo!"

"Mwongo mwenye adabu, mrembo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wasichana, angalieni vile kitu kidogo huanza.

Owino alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu nyuma ya soko. Aliisafisha ile mashine kwa brashi, akapaka dawa mpya ya kupoza prosesa, akaweka diski mpya na pawa kubwa zaidi, kisha kadi ya picha aliyonunua mtumba Nakuru. Jumamosi vijana walijaa pale kucheza mpira na mbio za magari kwenye skrini, wakipiga kelele hadi mama wa mboga anagonga mabati. Wakiondoka, Owino hakuizima. Aliiunganisha na maelfu ya kompyuta nyingine za dunia, zile zinazosaidia watu wa sayansi kupiga hesabu za kutafuta dawa.

"Kwa hivyo inafanyia kazi watu haijui?" Nelvine aliuliza siku moja. Mvua ya Kericho ilikuwa imemnyeshea, na alikuwa ameweka mikono nyuma ya mashine, mahali hewa ya moto inatoka.

"Inafanya. Na inakuota wewe bure."

"Ni mimi naiota moto, mjinga wewe!"

"Basi niote na mimi, Nelly. Mimi pia niko moto."

Akampiga na kitambaa cha kufuta vumbi.

Mwaka ukapita hivyo. Nelvine akamwambia mama yake, Rodah, mjane anayeishi Sigor. Rodah alikuwa mama wa hofu. Aliuliza huyo Owino anakunywa? Anapiga watu? Anaomba kanisa gani? Mwishowe alikubali, na Jumamosi moja ikawekwa ya koito, siku watu wa mwanamume wanafika nyumbani kuomba msichana. Pasta naye akataka kopi za vitambulisho vyao, na Nelvine akampa Owino yake aipeleke.

Jumatano ya wiki hiyo, saa nne wakati wa chai, Phelis wa meza ya pili alikuwa akichezea simu. Alikuwa akitafuta majina ya watu wa ofisi kwenye mtandao, aone nani ni maarufu.

"Nelvine! Uko hapa. Nelvine Chelangat, Kericho. Ni nini hii?"

Ilikuwa tovuti ya kizungu, na majina marefu ya watu wa kila nchi. Mbele ya jina lake pameandikwa kazi alizomaliza: elfu nne mia tatu na kumi na mbili.

"Kazi gani? Mimi sijafanya kazi yoyote!"

Phelis akaweka kikombe chini. "Mimi mwaka juzi nilijipata mwanachama wa chama cha siasa, hata rangi yake siijui. Mtu alichukua kitambulisho yangu akaniandikisha. Wewe, nani ako na kitambulisho yako?"

Nelvine akakumbuka ile kopi aliyompa Owino. Alitoka nje, akapiga simu.

"Mpenzi, umeamkaje?" Nyuma ya sauti ya Owino mashine ilikuwa inavuma.

"Owino, jina yangu inafanya nini kwa mtandao ya wazungu?"

Owino akacheka kidogo, kicheko cha mtu ameshikwa. "Ai! Nani amekuambia? Hiyo ilikuwa siri yangu hadi Jumamosi."

"Siri? Na kopi ya kitambulisho uko nayo?"

"Niko nayo bado, lakini Nelly, ngoja nikueleze..."

"Usiniite Nelly! Mimi nilikupa kitambulisho ya kwenda kwa pasta, wewe unanifanyia biashara!"

Akakata. Akamfungia namba. Halafu akalia, palepale karibu na tangi la maji, sweta yake safi imeguswa na kutu hata hakuona.

Rodah alikuwa Sigor akifukiza vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, simu ilipolia.

"Mama, waambie wajomba wasikuje Jumamosi. Imeisha."

Akamweleza yote. Rodah akaketi kwenye kigoda. Hofu zote alizokuwa ameziweka mbali zilirudi. Lakini hakusema, nilikuambia. Mama wengi tungesema hivyo, na maneno hayo huvunja nyumba ambayo haijajengwa.

"Ulisikia maneno yake yote?" akauliza.

"Nilikata simu."

"Basi hujasikia. Kesho nakuja. Kama ni mwizi, nataka aniambie nikimwangalia kwa macho."

Alhamisi walimkuta Owino kibandani, ameketi mbele ya mashine iliyozimwa. Chumba kilikuwa baridi. Shati lake lilikuwa la jana na ndevu hazijanyolewa. Aliposimama, alimwangalia Nelvine, halafu akateremsha macho kwa heshima.

"Chamgei, mama."

Rodah hakuitikia. "Sikuja kwa salamu. Nimekuja kuchukua vitu ya mtoto wangu. Kitambulisho kwanza."

Owino akavuta droo, akatoa bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, jina la pasta juu. Rodah akairarua. Kopi mbili zilikuwa ndani, ya Nelvine na ya Owino, zimekunjwa pamoja.

"Pasta alisafiri, anarudi kesho," Owino akasema. "Haijaonwa na mtu."

"Sasa jina."

Akawasha mashine. Feni zikaanza kuvuma. Ile tovuti ikafunguka, na Owino akasogea kando ili mama aone.

"Mama, wewe unajua kuchuma majani?"

"Nilichuma nikiwa msichana. Nini?"

"Kila mtu analeta kikapu yake kwa kituo. Inapimwa, inaandikwa kwa jina la mwenyewe, halafu kiwanda inapika yote pamoja. Hii ni hivyo. Hesabu ya kutafuta dawa ni kubwa, kwa hivyo wanaigawa. Mashine yangu inabeba kikapu yake, inarudisha, inaandikwa. Kitambulisho hawaulizi. Pesa hakuna. Wanataka jina tu, jina lolote."

Rodah alitazama ile namba ya elfu nne. Mabega yake yakashuka, na pumzi ikamtoka ndefu, kama mtu aliyetua mtungi kichwani. Nelvine naye akasogea karibu aone. Haikuwa deni, haikuwa chama, haikuwa uchawi. Ilikuwa vikapu.

"Na kwa nini usiandike yako?"

Owino akajikuna kisogo. "Nelvine alitumia hii mashine miaka sita. Kila ripoti alipiga yeye, ikatoka na jina la meneja. Nilitaka iwe na mahali moja imeandika ni yeye. Nilikuwa nimuonyeshe siku ya koito."

Nelvine akafunika mdomo.

"Sawa," Rodah akasema, na sauti ilikuwa imelainika, lakini kidole bado kilikuwa juu. "Lakini ulimuuliza?"

"Hapana, mama."

"Ukichukua ndama ya mtu bila kumwambia, hata kama unampeleka mahali nyasi ni nzuri, mwenyewe analia akifikiri ameibiwa. Amelia. Mimi mwenyewe nimelia kwa gari."

"Nimekosa, mama. Nelvine, nimekosa."

"Mimi pia nilikata simu," Nelvine akasema polepole. Halafu akajikaza. "Lakini toa hiyo jina."

Owino hakubishana hata neno moja. Alifuta herufi zote, akabonyeza, na mahali pa jina pakabaki peupe. Zile kazi elfu nne zilikuwa pale, hazina mwenyewe. Nelvine aliangalia pale peupe, na hasira iliyobaki ikaisha.

Vijana, sikieni. Mapenzi hayakupi ruhusa ya kuchukua jina la mtu. Uliza. Na wewe msichana, ukiuliza swali, subiri jibu hadi mwisho wake.

Owino akatoa simu, akapiga. Akaisikiliza. "Bado umenifungia."

Nelvine akageuka pembeni, akaifungua ile namba. Owino akapiga tena, na simu ya Nelvine ikalia humo humo ndani, hatua mbili kutoka kwake.

"Halo?" akaitika, macho kwenye mabati.

"Halo. Naongea na mwenye jina?"

"Ndiye. Unasemaje?"

"Nilikuwa naomba jina."

"La mashine, ama la nini?"

"Naanza na la mashine. Hilo lingine naogopa, mama yako ako hapa."

"La mashine chukua, nimekupa. Hilo lingine linaombwa Sigor mbele ya wajomba, na mtu akiwa amenyoa."

"Nitanyoa hata mara mbili, babe."

Rodah alikuwa mlangoni akiangalia mawingu, amewapa mgongo ili wasione anacheka.

"Nelvine," akasema bila kugeuka, "mwambie huyo mtu wako, Jumamosi yeye na watu wake watoke huku mapema. Ile barabara mvua ikishaipiga, hata ng'ombe hushindwa kupita, hurudi nyumbani."