Sauti ya Bingwa Ndani ya Pipa

Kambare yule alipopasuliwa, ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na utumbo, nyongo wala mayai, ingawa tumbo lilikuwa limevimba kama gunia lililofungwa vibaya. Lilikuwa jeupe na kavu, kama bakuli lililooshwa likaanikwa. Kilichotoka ni harufu tu, ile ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza.

"Umeniletea samaki au mkoba?" Wembe alimuuliza mumewe.

Jina la Wembe alipewa na wanawake wenzake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na hawakuwa wakizungumzia kisu chake. Asubuhi alipasua samaki, jioni akampasua mumewe.

Mume naye alijiita Bingwa. Alijiita mwenyewe, maana ukingoja watu wakuite hivyo na sifa zenyewe huna, utazeeka unangoja. Alikuwa mvuvi wa mdomo. Samaki wake wakubwa wote walikuwa wale waliokata nyavu wakaenda zao. Wakati wa kiangazi, ziwa lilipojivuta na kuacha matope yaliyopasuka, wenzake walipiga makasia kutwa kufuata vilindi. Yeye alikaa kivulini akisema samaki wa kiangazi hawana mafuta. Masika yalipoingia, mto ukafurika na samaki wakaanza kupanda kwenda kutaga, wenzake walianika nyavu wakangoja maji yatulie. Hapo sasa, wakati kila mwenye akili ameketi, ndipo Bingwa alipopata bidii.

Alikwenda kutega kwenye kidimbwi kilichopo mtoni karibu na ziwa, mahali ambapo hapakutupwa ndoana msimu wowote, kwa kuwa ilisemwa pana mwenyewe.

"Mwenyewe ni nani?" Bingwa aliwauliza wenzake. "Mwambieni aje kwangu anidai."

Akarudi na kambare mmoja tu, mrefu kama mguu wa mtu, masharubu manene kama kamba za viatu. Hakumuua. Alimtumbukiza hai katika pipa la maji jikoni, ili majirani waje wamwone kwanza. Majirani walikuja, wakachungulia, kisha wakaondoka mmoja mmoja bila kusifu. Samaki hakuwa akihangaika kama samaki. Alikuwa ametulia, akimtazama kila anayechungulia, kama mtu anayechagua.

Na sasa alikuwa juu ya ubao, mtupu.

"Utumbo wa nini? Kwani tunakula utumbo?" alisema Bingwa. "Mpike."

Mama yake, aliyekuwa akiishi nao, alisema tumbo linamsumbua, hatakula. Wembe hakuhitaji kisingizio. "Mimi mkoba sili," alisema, akamwachia sufuria nzima. Bingwa alikula peke yake mpaka akanyonya mifupa.

Kesho yake mama mkwe aliingia jikoni akiwa amejikunyata ndani ya khanga.

"Mkwe wangu, mume wako mzima?"

"Kwa nini, mama?"

"Hakukoroma."

Wembe alicheka. Bingwa alikuwa akikoroma kama injini iliyoingia maji. "Basi tumshukuru kambare," alisema.

Na kwa kweli siku zilizofuata alikuwa na mengi ya kushukuru. Bingwa aliamka mapema. Alipasua kuni. Aliziba bati lililokuwa likivuja tangu msimu wa nyuma, akashona nyavu zote, na yote hayo aliyafanya bila kusema neno. Akienda mtoni, mtumbwi ulirudi umelemewa, wakati wenzake waliojaribu kumfuata walivuta nyavu zenye majani na matope matupu. Mwaloni wanawake walimuuliza Wembe amempa dawa gani. Wembe akajibu kwamba dawa ni kufunga mdomo, na waume zao pia wajaribu.

Lakini kulikuwa na mambo aliyoyaona akayapita. Chakula kilichopikwa Bingwa alikisukuma kando. Godoro upande wake lilikuwa na unyevu ambao jua halikuukausha. Alipotembea sakafuni, nyayo za maji zilionekana zikiingia chumbani, na za kutoka hazikuonekana. Hakuwa akipepesa macho. Tena ile harufu ya vumbi na mvua ilikuwa imekaa katika mashuka, katika taulo, na katika nywele za Wembe mwenyewe, hata akioga kwa sabuni mara mbili.

"Yule si mwanangu," mama mkwe alimnong'oneza mlangoni.

"Mama, mwanao wa zamani ulimpenda kwa lipi?"

Mama mkwe aliondoka akiburuta kandambili.

Siku moja mchana mvua ilishuka kwa fujo, wapasuaji wakatawanyika, Wembe akarudi nyumbani kabla ya saa yake. Bati lilikuwa likipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyemsikia akiingia, na alipofika mlango wa jikoni alimwona mumewe ameinama juu ya pipa, mikono ameifunga nyuma kama askari, uso ameuzamisha majini mpaka masikioni, na mabega yanatikisika, na povu linapanda pande zote za kichwa, na Wembe akasimama pale akingoja ainuke avute pumzi, akangoja mpaka kifua chake mwenyewe kikaanza kuuma, na yule mtu hakuinuka, na ndipo alipoelewa kwamba mabega yale yanatikisika kwa kicheko.

"Baba wee!" alipiga kelele.

Bingwa aliinua kichwa. Uso ulikuwa mkavu. Hata nyusi hazikuwa na tone.

Kisha sauti ikatoka ndani ya pipa, nyembamba, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Mke wangu... nitoe humu. Maji yenyewe nayaweza... lakini nitoe."

"Msikie," alisema yule aliyesimama, kwa mdomo wa Bingwa lakini kwa sauti ya taratibu, isiyo na haraka yoyote. "Hata kuzama anataka asifiwe."

Wembe alishika fremu ya mlango. "Wewe ni nani?"

"Mwenye kidimbwi. Alisema nije nimdai, nimekuja. Nilidhani nakuta nyumba, nimekuta banda." Alijigonga kifuani kwa kidole. "Humu mote mmejaa upepo. Mikono ndiyo mizuri. Inaonekana hajaitumia."

Kicheko kilimpanda Wembe kooni, akakimeza. Hicho ndicho kilichomtisha kuliko uso mkavu: kwamba maneno yale yangeweza kuwa yake.

"Wewe unamjua," jini likaendelea. "Basi sema wewe. Unamtaka, au nikae?"

Jibu lilikuwa moja, na mtu yeyote angelitoa. Lakini Wembe aliona kuni zilizopangwa ukutani, akaliona bati lisilovuja, akakumbuka jioni zile za utulivu ambazo hakuna mtu aliyemsimulia habari ya samaki aliyekimbia, na huku akikumbuka mvua iliendelea kupiga, na sauti ndani ya pipa ikanyamaza, kana kwamba nayo inasikiliza, na alipogeuka alimwona mama mkwe amesimama nyuma yake na beseni mkononi, akimtazama usoni.

"Na... namtaka," alisema.

Jini lilitabasamu kama lisiloamini. "Haya," likasema, likachukua shoka likaenda kupasua kuni kwenye mvua.

Mama mkwe aliweka beseni chini. Alitoka hivyo hivyo bila mwavuli kwenda kumtafuta mpungaji wa majini.

Mpungaji mwenyewe alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi, aliyeitwa Fundi Moshi. Alifika asubuhi na kucha nyeusi kwa oili, akikohoa.

"Ndiye huyu?" Wembe alimuuliza mama mkwe, bila kupunguza sauti.

"Ndiye, mama," fundi alijibu. "Ulitaka mwenye tai?"

Alichoma ubani ndani ya kopo, akamketisha yule mwenye sura ya Bingwa kwenye kigoda karibu na pipa. Jini liliketi kwa heshima zote, kama mgeni anayejua kuwa hafukuziki.

"Unatoka?" fundi aliuliza.

"Nimpishe nani? Hakuna anayemngoja."

Fundi alimgeukia Wembe. Sasa alikuwa akinong'ona. "Mwite. Kwa jina lake, si hilo la kujipachika. Na usimwite kwa mdomo mtupu. Humo kuna vingi kuliko yeye. Ukimwita humtaki, kitapanda kingine, na hicho mimi sikiwezi."

Wembe aliinamia pipa, akaita jina ambalo mumewe alipewa na mama yake, jina ambalo hakulitamka tangu harusi. Maji yalitulia, yakawa meusi. Kisha kitu kikaanza kukwaruza ubavu wa pipa kwa ndani, polepole, kutoka chini kuja juu, kwa kucha ambazo mumewe hakuwa nazo, na baridi ikapanda ikamgusa kidevu, na jini kwenye kigoda likainama mbele kwa shauku.

"Nyamaza!" fundi alisema. "Si yeye huyo! Tafuta kitu, mama. Kitu chochote."

Wembe alitafuta. Aliona aibu jinsi ilivyokuwa vigumu. Kisha ikaja ile homa, mwaka ambao mto ulibeba daraja. Bingwa alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati, maji yakimfika kiunoni, na njia nzima alijisifu: kwamba angeweza kubeba wawili kama yeye, kwamba mto huu unamjua, kwamba mamba wakimwona wanampisha. Kila baada ya sifa alimlazimisha aitikie, "Kweli, Bingwa." Wembe alipochelewa kuitikia, Bingwa alipiga kelele mpaka aitikie. Zahanati muuguzi alisema kama angelala njiani asingeamka. Miaka yote Wembe aliisimulia safari ile mwaloni kama kichekesho cha mdomo wa mumewe. Hakuwahi kujiuliza kama mdomo ule siku ile ulikuwa na kazi.

Aliuzamisha mkono mpaka begani, akaita tena, na safari hii sauti ilikatika katikati ya jina.

Mkono wenye joto ukamshika.

Kwenye kigoda mwili ulitetemeka. Maji yalianza kutoka puani na masikioni, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtu, yakatiririka sakafuni, yakapanda mteremko kuelekea mlangoni, yakaruka kizingiti na kushika njia ya mto. Bingwa akaanguka kifudifudi, akatapika, akavuta pumzi.

"Nimelinywa pipa zima," alisema.

Wembe alitazama. Pipa lilikuwa tupu.

Mvua zilikatika, mto ukasafika, wavuvi wakarudisha nyavu majini. Bingwa naye alirudi na kukoroma kwake na mdomo wake. Mwaloni kila siku alisimulia alivyolikaba jini koo, na jini lilikua kwa kila simulizi. Mama mkwe alisikiliza na kuguna, ila yeye na Wembe hawakutazamana tena usoni kama zamani.

Jioni moja, wakiwa wawili tu uani, Bingwa aliacha kukunja nyavu.

"Lilipokuuliza," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Wembe hakuijua. "Mbona ulichelewa?"

Kisu cha samaki kilisimama mkononi mwa Wembe. "Mvua ilikuwa kubwa," alisema. "Sikusikia vizuri."

Bingwa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea kitu na kukiweka mfukoni. "Kweli. Mvua ilikuwa kubwa."

Kesho yake mwaloni alikuwa amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, watu wamemzunguka.

"Na mke wangu je?" alikuwa akipaza sauti. "Jini linamuuliza, unamtaka au nikae? Hakusita! Swali halijaisha, yeye ameshajibu! Mwanamke yule hana mfano!"

Watu walicheka, wengine wakageuka kumpigia Wembe makofi. Wembe aliinamia perege aliyekuwa mkononi, akaendelea kumkwangua magamba, hata pale yalipokuwa yamekwisha.