Mstari wa Nne

Ofisini walimwita Bwana Nukta, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kutafuta waliopotea msituni. Mtu akiita kwa redio, minara mitatu ya vilimani hunasa sauti inatoka upande gani; yeye huchora mistari mitatu kwenye ramani ya kompyuta, na inapokatana ndipo waokoaji hupelekwa. Sasa, ukweli ni kwamba mistari hiyo haikutani sawasawa. Huacha pembetatu ndogo katikati, na yote inapaswa kusakwa. Lakini Bwana Nukta, aka! Kila mara aliuburuta mstari wa tatu kwa kipanya mpaka ukapita pale miwili ilipokatana, akampelekea bosi nukta moja safi, akasifiwa.

Asubuhi hiyo ramani ilikuwa na mstari wa nne.

Akaufuta. Ukarudi. Akazima kompyuta, akaiwasha. Mstari upo palepale, na chumba kinanuka udongo mbichi.

Mama mfagiaji alisimama mlangoni, akaziba pua.

"Mwanangu, umemfanyia nini mtu?" akanong'ona.

"Mimi? Simo, mama."

"Haya. Ila jini likija na udongo hivi, ubani haulitoi. Hilo linataka kusikia ukweli."

Bwana Nukta aliufuata mstari kwa macho. Ulianzia kwenye shimo alimokufa shemeji yake, mrina asali, miezi miwili nyuma. Siku ile alipoita kwa redio, pembetatu ilikuwa pana, naye akaburuta kama kawaida yake. Waokoaji wakapekua kwenye nukta siku nne. Maiti ikaja kuokotwa kwenye pembe ya mbali ya pembetatu, kucha zimejaa udongo. Msibani mkewe alimshika mikono, akamwambia, "Asante, mume wangu. Najua ulijitahidi." Aliona aibu hata akashindwa kumtazama usoni, na hajamtazama vizuri tangu siku hiyo.

Akaikuza ramani aone mstari unaishia wapi. Mtaa wao. Paa lao la bati jekundu.

Alitoka mbio bila kubadilisha viatu wala kuaga, jua la saa tano likimchoma utosini, na kila alipokata kona ile harufu ilikuwa imeshatangulia, na chini ya nyayo zake alisikia kitu kikikwaruza, kikikwaruza, kikienda naye hatua kwa hatua hadi mlangoni kwake.

Mkewe alikuwa kitini, amekunja miguu juu.

"Kuna kitu chini ya sakafu," akanong'ona. "Kinakwaruza tangu asubuhi. Naogopa."

Akapiga magoti. "Mke wangu, kaka yako nilimponza mimi. Niliuvuta mstari ili nionekane hodari. Walimtafuta mahali asipokuwepo."

Mkwaruzo ukakoma. Harufu ikapungua, hewa ikawa nyepesi. Machozi yalimtoka kwa aibu, na kwa nafuu pia.

Taratibu mkewe akashusha miguu sakafuni.

"Uliuvuta kiasi gani?"

Akainamisha uso.

"Kidogo tu," akasema.

Chini ya miguu ya mkewe, kucha zikaanza tena.